Mama wa Moto, Mtoto wa Barafu

Kitendawili ambacho Wachuka alikipenda kuliko vyote hakufundishwa na nyanya yake. Alikitunga mwenyewe, mwaka ule Bwana, mzungu mwenye shamba, aliponunua karavani, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, na fundi Harjit akaja kutoka mjini Nakuru kuweka friji ya gesi ndani yake. Siku hiyo wafanyakazi wa shamba lile la Lanet wakiwa wanakula nyuma ya jiko, Wachuka mpishi aliwategea: "Nina mama wa moto, kazaa mtoto wa barafu."

Nyongesa wa bustani alisema ni mvua ya mawe. Akeyo, aliyefua na kupiga pasi, alisema ni memsahib, mke wa Bwana, maana akishamaliza kufoka hunyamaza siku tatu na nyumba nzima inatafuta sweta. Walicheka mpaka mboga ikapoa. Ephantus dereva peke yake hakujaribu. Alisema vitendawili ni vya watoto na wanawake.

"Basi mmeshindwa. Nipeni mji," alisema Wachuka.

"Chukua Gilgil," alisema Nyongesa.

"Gilgil ina baridi. Nipe mwingine."

"Haya, chukua Kisumu na samaki wake," alisema Akeyo.

Wachuka akaenda Kisumu, akala, akashiba, akarudi na jibu. Ni friji ya karavani. Chini kabisa kuna ulimi wa moto mdogo kama ukucha, unawaka kutwa kucha, na kwa ajili ya moto huo siagi iliyo juu inaganda. Nyongesa alikataa kuamini mpaka akapelekwa kutia mkono.

Lakini kilikuwako kitendawili kingine ambacho Wachuka hakuwahi kumtegea mtu. Huo ulikuwa mwaka wa tano anacho. Alikanda nacho mkate, akalala nacho, akaamka nacho.

Mwaka ule wa kwanza wa Hali ya Hatari askari walifika shambani saa ya kukamua, wakawapanga Wakikuyu wote mstari mmoja mbele ya zizi. Kisha wakamleta mtu aliyefunikwa gunia toka kichwani hadi magotini, gunia lenye matundu mawili ya macho. Mtu huyo alipitishwa mbele ya kila mmoja. Gunia likitikisika, unarudi kazini. Gunia likiinama, unapandishwa lori. Lilipofika mbele ya Kahiga, mume wa Wachuka, aliyekuwa dereva wa Bwana, liliinama. Kahiga hakuwa amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Alichokula asubuhi ile ni viazi na chai, na Wachuka ndiye aliyempikia. Walimpandisha. Kofia yake ya udereva, ile yenye ukingo mweusi unaong'aa, ilianguka kwenye mavi ya ng'ombe. Baada ya mwaka na nusu ikaja karatasi kutoka kambi moja ya kizuizini, mbali huko kwenye joto, mistari miwili tu, kwamba amekufa kwa homa ya matumbo. Wachuka alikuwa amesoma mpaka darasa la tatu. Aliisoma mwenyewe.

Basi, mtu wa gunia alikuwa ameficha kichwa akasahau miguu. Wachuka, aliyeambiwa atazame chini kama wengine, alitazama chini kweli, akaona buti. La kushoto lilifungwa kwa ukanda mwekundu uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Ukanda huo aliujua. Kahiga ndiye aliyeukata, siku kamba ya kiatu ya utingo wake ilipokatika wakiwa njiani. Na utingo wake alikuwa Ephantus. Kabla ya mwezi kwisha Ephantus alikuwa ameketi penye usukani, na ile kofia, imeoshwa, iko kichwani pake.

Wachuka hakusema. Angemwambia nani? Mtu wa gunia alikuwa mtu wa serikali. Neno lake moja lingempakia yeye na binti yake Njoki kwenye lori la pili. Memsahib alimwombea kibali akabaki, kwa sababu ya mkate wake mzuri, na Njoki akapelekwa kwa bibi yake huko rizavu, eneo walikohamishiwa Wakikuyu wengine. Wachuka akabaki na chumba kimoja na sufuria. Kila siku alimpakulia Ephantus chakula, akamwita "dereva". Subira yake haikuwa ile ya kungojea embe liive. Ilikuwa subira ya paka penye tundu.

Harjit alipomaliza kuiweka friji aliwaita wawili hao: Ephantus kwa kuwa ndiye anayeiburuta karavani, na Wachuka kwa kuwa ndiye mwenye nyama na maziwa. Alikuwa mzee mpole, Kalasinga wa ndevu ndefu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gereji.

"Mama, sikia. Hii friji iko na roho ndogo. Gari nasimama kombo, yeye nakufa. Weka sahani ya maji juu yake. Maji iko sawa, gari iko sawa."

Wachuka alitia maji kwenye sahani ya supu, akayatazama, akamwambia Ephantus aweke kigae chini ya gurudumu la kulia. Ephantus alikiweka kwa mguu.

"Sasa mtungi," Harjit aliendelea. "Mtungi iko nje, huku mbele. Wewe kwanza nafungua mlango na dirisha. Halafu nafungua koki. Halafu napaka povu ya sabuni hapa kwa nati, na hapa. Povu nacheza, gesi navuja. Hapana tafuta na kibiriti. Rafiki yangu moja alitafuta na kibiriti, sasa hapana nyusi."

"Nyusi si zitamea?" alisema Ephantus.

"Nyusi namea. Pua hapana mea."

Ephantus alicheka kidogo, akatoka kwenda kukagua magurudumu, maana aliona mazungumzo yamekuwa ya jikoni. Kwa hiyo hakusikia lililofuata.

"Tena mama, gesi hii hapana panda kama moshi. Nashuka. Nalala chini kwa sakafu, kama, kama..."

"Kama ukungu wa Subukia asubuhi," Wachuka akamsaidia. "Mlimani jua, bondeni huoni ng'ombe."

"Iko hivyo hivyo. Safari iko Jumamosi, wewe washa Ijumaa asubuhi, apate baridi siku nzima, ndiyo weka nyama. Gari nakwenda, funga mtungi. Nanunua petroli, funga mtungi. Moto ya bluu, mzuri. Moto ya manjano, zima, ita mimi. Na kuwasha ni kazi ya mtu moja. Ya mama."

Neno hilo la mwisho Ephantus alilisikia kutoka nje, na lilimkaa kooni. Gari ni lake, usukani ni wake, halafu moto ni wa mpishi.

Ikaja Desemba. Bwana na memsahib walipanga kwenda Baringo kuvua samaki wiki mbili, dereva na mpishi wakiwa pamoja nao. Alhamisi Ephantus aliirudisha karavani nyuma kuingia uani, akaigonga nguzo ya geti. Alipangusa alama kwa mate na kitambaa, akaona ni rangi tu iliyochubuka, hakumwambia mtu. Hakujua kwamba chini ya friji nati moja ya paipu ilikuwa imelegea.

Ijumaa asubuhi Bwana na memsahib walikwenda mjini kununua ndoana. Wachuka alikuwa na mkate kwenye oveni. Alipouona umeanza kuumuka vizuri alichukua beseni la povu la sabuni, akahakikisha kibiriti kimo mfukoni mwa aproni, akatoka kwenda kuiwasha friji.

Katikati ya uwanja harufu ilimpiga. Mayai viza. Mtu yeyote wa Lanet anaijua harufu ya namna hiyo. Upepo ukitoka Ziwa Nakuru huja na harufu ya matope ya magadi na mavi ya ndege heroe, watu wakafunga madirisha na kusema ziwa limefunua blanketi. Wachuka naye alitaka kusema hivyo. Lakini macho yake yalikuwa yamezoea kutazama bomba la jiko lake, na moshi wa jiko ulikuwa umelala kuelekea ziwani. Shuka alizoanika Akeyo zilipepea kuelekea ziwani. Upepo ulitoka milima ya Bahati, kule juu. Asubuhi ile ziwa ndilo lililokuwa likiwanusa wao.

Mlango wa karavani ulikuwa umefungwa. Aliufungua. Harufu ikamwagika magotini pake.

Ephantus alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kichwa kwenye kile kimlango kidogo cha mahali pa moto, miguu kuelekea mlangoni. Buti zake zilimtazama Wachuka usoni. Ukanda mwekundu ulikuwa pale pale, umechakaa, umefungwa fundo mara mbili.

"Nani huyo? Funga mlango, upepo utanizimia moto," alisema bila kugeuka.

"Moto upi?"

"Nitakaouwasha. Ah, Mama Njoki ni wewe. Bwana akirudi atakuta friji inanguruma, aone kama ni kazi ya mtu mmoja. Nimefungua mtungi, nimefungua hii, halafu kibiriti changu kina njiti moja nayo haina kichwa. Unacho chako? Nipe."

"Kuna harufu, dereva."

"Ni ziwa. Umekaa Lanet miaka mingapi na bado unashangaa ziwa?"

"Na madirisha umefunga."

"Nimefungua kile kidirisha cha juu darini. Kama kuna gesi itapanda itoke. Nipe kibiriti, mama, mgongo unaniuma."

Mkono wa Wachuka ulikuwa mfukoni tayari. Alikishika kibiriti, na njiti zikacheza ndani yake kama mbegu kwenye kibuyu. Hakuna aliyemtuma Ephantus kulala pale. Hakuna aliyemfundisha kufunga mlango. Ameomba kwa kinywa chake. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: kumrushia, kufunga mlango kama alivyoamriwa, na kwenda jikoni kuangalia mkate. Nani angemlaumu? Harjit mwenyewe angeapa kwamba dereva aliambiwa. Watu wangesema Ephantus kajichoma, kama vile karatasi ya kambi ilivyosema homa imemuua Kahiga, bila mkono wa mtu.

"Ngoja niweke beseni chini," alisema.

Alizunguka mpaka mbele ya karavani, mahali ulipokuwa mtungi. Akasimama hapo, mkono mmoja kwenye koki na mwingine kwenye kibiriti. Kutoka jikoni harufu ya mkate ilikuwa imeanza kuja. Alifikiri: huyu atakufa kwa dakika moja. Bwana atanunua sanduku na blanketi jipya. Padri atasema alikuwa mtumishi mwaminifu. Watamzika na kofia ya Kahiga kifuani, na buti zitaungua, ukanda utaungua, na gunia litabaki bila mtu ndani yake milele. Miaka mitano nimetunza kitendawili, halafu nimchome mtu pekee mwenye jibu?

Akaikaza koki mpaka ikakataa kuzunguka. Watu wengine baadaye walisema ni huruma. Wachuka mwenyewe hakuwahi kusema hivyo.

Alirudi, akaufungua mlango wote akaukazia jiwe, kisha akapaza sauti. "Nyongesa. Akeyo. Njooni hapa. Simameni kwenye kamba ya nguo, msisogee. Nyongesa, hiyo sigara iache huko huko."

Walikuja wakasimama, Akeyo na vibanio vya nguo mdomoni.

"Kibiriti kiko wapi?" aliuliza Ephantus, akaanza kuinua goti.

"Usiinuke. Usiburute mguu. Buti zako zina misumari na sakafu ina ukingo wa chuma, zitatoa cheche. Upepo unatoka Bahati tangu alfajiri, Ephantus. Unachonusa si ziwa. Hiyo ni gesi, na gesi haipandi. Umelala ndani yake kama ng'ombe ndani ya ukungu."

Goti likabaki hewani, kisha likashuka polepole kama la mtu anayesali. Shingo ya Ephantus ikaanza kumeta jasho.

"Funga mtungi," alisema kwa sauti ndogo. "Mama Njoki. Funga mtungi."

"Kitendawili."

"Mama, tafadhali."

"Kitendawili."

"Tega," alisema Ephantus.

"Ana macho mawili, hana mdomo. Alimla mume wangu bila meno."

Akeyo aliviacha vibanio vikadondoka kimoja kimoja.

"Sijui," alisema Ephantus. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Nakuru. Chukua Nakuru yote, na stesheni yake."

"Nakuru si yako."

"Basi chukua Nairobi."

"Sitaki mji. Miji nimepewa mingi, nimekwenda nimekula nimerudi. Hiki changu hakina mji. Kina jibu tu, na ninalo muda wa kungoja. Wewe je?"

Ephantus aliulaza uso wake sakafuni, halafu akaunyanyua haraka, maana huko chini harufu ilikuwa kali zaidi.

"Gunia," alisema.

"Nyongesa hasikii."

"Ni gunia. Ni gunia, Nyongesa."

"Na ndani ya gunia kuna nani?"

Mbali kidogo fahali alikohoa zizini.

"Ni mimi," alisema Ephantus.

"Sema lote."

"Waliniambia watu kumi. Nilikuwa na tisa. Nilikuwa karibu kumpita. Halafu nikaona kofia."

Wachuka alikuwa ameyangojea maneno hayo muda mrefu hivi kwamba yalipofika alishangaa jinsi yalivyokuwa mafupi. Kofia. Kahiga alikufa kwa sababu ya ukingo mweusi unaong'aa.

"Vua buti," alisema. "Taratibu. Usiziburute. Toka kwa tumbo."

Ephantus alitoka kama kinyonga, akatelemka ngazi kwa mikono, akasimama kwenye majani na soksi zilizotoboka vidole. Alimtazama Nyongesa, Nyongesa akaangalia bustani. Alimtazama Akeyo. Akeyo alimtazama vizuri sana, kama mtu anayetaka kumkumbuka.

"Mtungi sasa," alisema Ephantus. "Ufunge."

"Niliufunga kabla sijakutegea."

"Kwa hiyo singekufa."

"Gesi iliyokuwa imeshajaa ndani ingekutosha, kwa njiti moja. Njiti uliiomba wewe, nikakunyima mimi. Kalale na hilo. Na hiyo kofia nipe."

Aliivua kwa mikono miwili akampa. Wachuka aliingia karavanini pole, akafungua madirisha yote. Kwa saa mbili hakuna aliyeruhusiwa kuvuta sigara hata nyuma ya zizi. Mkate ukaungua upande mmoja. Harufu ilipokwisha alifungua koki kidogo, akapaka povu kwenye nati, povu likacheza kama uji unaochemka. Akafunga tena. Nyongesa akaikaza nati kwa spana, wakaacha upepo upite, wakapaka povu mara ya pili, likatulia. Sahani ya maji ikasema karavani iko sawa. Wachuka akalala kifudifudi pale pale alipolala Ephantus, akawasha. Ulimi wa moto ukatoka bluu, mdogo, mtiifu. Jumamosi asubuhi siagi ilikuwa ngumu kama jiwe, wakapakia nyama, mtungi ukafungwa, safari ikaanza.

Bwana hakuambiwa kitu. Sikio la Bwana lilimpenda Ephantus, na mtu wa gunia kwa wazungu alikuwa shujaa. Hukumu haikupelekwa huko. Ijumaa ile ile mchana Ephantus alipokuja kula, gogo la kukalia halikuwa na nafasi, na hakuna aliyesogea. Kwenye zizi wakamuaji waliacha kumwitikia. Akeyo alizifua nguo zake kama kawaida, akaziacha zimelowa.

Wachuka hakumpunja. Kule Baringo, wiki mbili, walikuwa wao wawili tu nyuma ya hema la jiko, na kila mlo alimjazia sahani, nyama yenye mafuta juu, mchuzi pembeni, jinsi anavyopenda. Lakini kabla ya kuiachia sahani alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza chumvi, "Kitendawili."

Siku ya kwanza Ephantus alidhani ni mara moja tu. "Gunia," alisema, akala. Mchana tena. Jioni tena. Siku ya tatu alijaribu kunyamaza, Wachuka akaishika sahani hewani mpaka mchuzi ukapoa. Siku ya tano alijibu kabla hajaketi. Siku ya saba akaacha kuja, akawa anakula mahindi ya kuchoma ndani ya gari, vioo vimepandishwa, katika joto lile la Baringo. Wachuka alimpelekea sahani hadi kwenye kioo, akagonga kwa ukucha. Friji nayo iliendelea na kazi yake, moto chini, barafu juu. Bwana alisema hajawahi kunywa maziwa baridi namna ile porini.

Waliporudi Lanet Ephantus alimkabidhi Bwana ufunguo, akasema mgongo umemshinda. Alivaa buti, la kushoto likiwa limefungwa kwa mkonge, maana ule ukanda mwekundu Wachuka alikuwa ameshautoa akauweka ndani ya kofia. Ikasikika ameenda Kariandusi, wanakochimba ule udongo mweupe.

Mwaka uliofuata vibali vya kusafiri vilipolegezwa, Wachuka alipata ruhusa ya kwenda stesheni ya Gilgil kumpokea Njoki. Msichana alikuwa amerefuka, amepata sauti mpya, lakini alicheka kama baba yake. Walipanda lori la magunia ya mahindi kurudi nyumbani, Njoki akiwa na ile kofia magotini, anaupangusa ukingo wake kwa kiwiko.

Walipofika Kariandusi lori lilipunguza mwendo. Wachimbaji walikuwa wanatoka kazini, wanatembea mstari mmoja kando ya barabara. Vumbi jeupe lilikuwa limewafunika toka kichwani hadi magotini, huoni nywele, huoni uso, ni macho mawili tu kwa kila mtu. Mmoja wao alisimama. Alimwona Wachuka juu ya magunia, akaiona kofia. Wachuka hakufungua mdomo, alimtazama tu. Katikati ya ule weupe midomo ikapasuka, ikasema neno moja, na lori likapita.

"Yule mtu anasema nini, mama?" aliuliza Njoki.

"Anajibu," alisema Wachuka.